Mtu wa Malawi ninayetaka Goma imjue

Mhariri na wasomaji wenzangu, salamu kutoka Goma.

Wiki hii mmetuuliza: ni askari gani kijana, aliyetunukiwa nishani ya ushujaa baada ya kufa vitani, ungependa jina lake lijulikane mtaani kwako, na kwa nini yeye na si mwingine?

Najua barua nyingi za kutoka huku kwetu zitamtaja Mamadou Ndala, ingawa yeye alikuwa kanali wa jeshi la Kongo. Sina ugomvi nazo. Julai 2013, habari zilipoenea kwamba Kinshasa inamwita arudi, watu wa Goma waliingia barabarani kudai abaki. Alipouawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, kilio kilikuwa cha mji mzima. Lakini Mamadou hahitaji barua yangu, maana hata watoto waliozaliwa baada ya kifo chake wanalijua jina lake. Mimi namtaja mtu ambaye ukisimama mtaa wa Birere hapa Goma saa sita mchana ukawauliza wapita njia habari zake, wengi watakutazama tu. Anaitwa Chancy Chitete. Alikuwa praiveti katika jeshi la Malawi, cheo cha chini kabisa, na alikufa Novemba 2018 katika misitu ya Beni kwa kumwokoa mwenzake.

Nianze na sababu ya yeye kuwa Kongo, maana inatuhusu sisi wa Goma moja kwa moja. Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji huu, na askari wa Umoja wa Mataifa walikuwapo. Waliona kila kitu. Aibu ile pamoja na hasira yetu zilichangia kuzaa Azimio 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi 2013, lililounda kikosi maalumu ndani ya Monusco, yaani jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa hapa Kongo, chenye ruhusa ya kuwafuata waasi na kuwapiga badala ya kungoja. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa askari. Wengi wetu tulikiita Brigedi tu, basi. Agosti mwaka huohuo meja mmoja Mtanzania aliuawa kwenye mapigano kaskazini mwa mji wetu, na ilipofika mapema Novemba M23 ilikuwa imeshindwa. Baada ya hapo macho ya Brigedi yalielekea zaidi Beni, kilomita kama 350 kutoka hapa kwa barabara, ambako ADF, waasi wenye asili ya Uganda, walianza Oktoba 2014 kuwaua watu vijijini na mashambani kwa mapanga na shoka.

Mwaka 2018 Beni ilibeba mizigo miwili kwa mpigo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti, ikianzia upande wa Mangina. Ugonjwa ule haukomeshwi kwa dawa peke yake. Lazima kila aliyemgusa mgonjwa atafutwe, afuatiliwe nyumbani kwake siku baada ya siku, na kama amehamia kijiji kingine afuatwe hukohuko. Sasa utamfuataje mtu kwenye kijiji ambacho watu wake wamekimbia panga usiku? Kila shambulio la ADF liliwafungia wahudumu ndani, na virusi vilipata nafasi ya kutembea. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alifika Goma, nasi tukaishi na ndoo za maji ya klorini kwenye milango ya maduka, makanisa na shule. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Nayasema haya ili msomaji wa mbali aelewe kwamba vita vya msitu wa Beni vilifika mpaka kwenye mikono yetu wenyewe hapa mjini, tukiinawisha kabla ya kuingia kununua mkate.

Katikati ya Novemba 2018 jeshi la Kongo na Brigedi waliingia Kididiwe, ngome ya ADF iliyokuwa msituni si mbali na Beni. Walipokewa kwa moto mkali. Katika mapigano hayo Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alipigwa akaumia vibaya, akabaki mahali pa wazi bila uwezo wa kusogea huku risasi zikiendelea. Chitete alimwendea. Alimburuta mpaka penye kinga ili ampe huduma ya kwanza, na akiwa katika kazi hiyo naye akapigwa. Omary alipona akarudi kwa watu wake. Chitete alifariki kwa majeraha yake. Walinda amani wasiopungua saba walikufa katika operesheni ile, wengi wao Wamalawi, na wanajeshi wa Kongo nao walipoteza wenzao.

Kwenye taarifa za habari kisa kizima kilikuwa mistari minne au mitano. Mimi nafundisha vijana wa kujitolea huduma ya kwanza hapa mjini, na kwa ajili ya kazi hiyo mistari ile hainitoki kichwani. Neno "alimburuta" watu hulisoma haraka wakapita. Naomba tulisimamie kidogo.

Mtu mzima aliyezimia au aliyevunjika hakusaidii kwa lolote. Mikono inaning'inia, kichwa kinaanguka upande wowote, visigino vinakwama kwenye kila jiwe. Mwongezee fulana ya kuzuia risasi, kofia ya chuma, risasi za akiba, maji na silaha, na mzigo wa kilo sabini unakaribia mia. Katika mazoezi yetu hatuna fulana za namna hiyo, kwa hiyo tunamfunga mmoja gunia dogo la maharage kifuani, tunamlaza chini, halafu tunamwambia mwenzake amvute hatua ishirini peke yake. Uwanja wenyewe ni wa mawe ya volkano yaliyomwagika kutoka Nyiragongo, mawe yanayokula viatu. Vijana wenye nguvu, wanaopakia magunia ya makaa sokoni, hufika hatua ya nane wakasimama kuhema. Wengine humshika mtu mikono wakavuta, naye analia kwamba mabega yanang'oka. Tunawafundisha kuingiza mikono chini ya makwapa kwa nyuma, au kushika mkanda wa fulana pale penye shingo, kuinama na kurudi kinyumenyume. Ndipo wanapogundua jambo ambalo kwenye karatasi halionekani: ukimvuta mtu hivyo mikono yako yote miwili imeshikwa. Huwezi kubeba bunduki ukaitumia. Huwezi kujificha nyuma ya chochote, kwa kuwa unarudi nyuma bila kuona uendako. Mgongo wako na kichwa chako viko juu kuliko kila kitu kilicho karibu.

Hayo ni uwanjani mchana, bila mtu wa kukufyatulia risasi. Kididiwe ni msitu, kuna mizizi, matope na majani mazito, na kuna adui aliyekwisha kupima shabaha kuelekea pale alipolala yule koplo.

Halafu kuna suala la muda. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja anaweza kuisha damu ndani ya dakika chache tu. Hangoji helikopta, wala daktari. Anahitaji mtu aliye karibu sasa hivi, wa kukandamiza jeraha kwa uzito wake wote, au kufunga mkanda pajani, juu kidogo kuliko lilipo jeraha, na kuukaza mpaka damu ikome, hata kama mgonjwa anapiga kelele. Kwa hiyo mwenye kuokoa maisha vitani mara nyingi si mwenye ujuzi mkubwa, ni yule aliye jirani na anayekubali kusogea. Chitete alikuwa jirani, na akasogea.

Siku moja nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, binti mmoja aliinua mkono akauliza: "Papa, sasa ule soda (yaani askari) alikosea?" Swali lake lilikuwa zuri sana, maana sheria ya kwanza tunayowakaririsha ni kwamba usalama wako wewe unatangulia, mwokoaji akiumia, majeruhi wamekuwa wawili. Nilimjibu, na nalirudia jibu hapa kwa sababu naliamini: hakukosea. Angekosea kama angepiga magoti palepale pa wazi akaanza kufunga jeraha. Yeye alifuata mpangilio uleule unaofundishwa askari duniani kote, kwamba chini ya risasi kwanza unamtoa mtu kwenye hatari, matibabu yanafuata mkiwa penye kinga. Hatari ya siku ile ilikuwa imezagaa kila upande, na hakuna sheria iliyoweza kuiondoa. Alichokuwa nacho mkononi ni uamuzi mmoja tu, kwenda au kutokwenda. Hakuwa amekwenda kama kichaa. Alikwenda kama mtu anayejua kazi yake, na hilo naliheshimu kuliko ujasiri wa kukimbilia risasi bila kufikiri.

Sasa nije kwenye nishani yenyewe. Tarehe 24 Mei 2019, mjini New York, Umoja wa Mataifa ulimtunukia Chitete Medali ya Kapteni Mbaye Diagne ya ushujaa wa kipekee. Medali hiyo iliundwa na Baraza la Usalama kwa Azimio 2154 la Mei 2014, na haitolewi ovyo. Ya kwanza ilikabidhiwa familia ya Diagne mwenyewe mwaka 2016. Baada ya hapo aliyefuata kuipata ni huyu praiveti wa Malawi. Mwaka 2022 ikampata Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad, naye marehemu, aliyekufa katika kuilinda kambi ya Aguelhok nchini Mali Aprili 2021.

Mbaye Diagne alikuwa Msenegali, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha, jirani zetu hapa Kigali mwaka 1994. Tarehe 7 Aprili, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alipouawa, Diagne ndiye aliyewatoa watoto wake. Wiki zilizofuata aliendelea kuwapitisha watu kwenye vizuizi vya wauaji, wachache wachache ndani ya gari lake, akiwachekesha walinzi wa vizuizi, akiwapa sigara, akibishana nao pale ilipobidi. Waliookolewa naye wanahesabiwa kwa mamia. Bomu lilimuua kwenye kizuizi tarehe 31 Mei, akiwa na miaka 36. Miaka 22 ikapita kabla familia yake haijakabidhiwa medali yenye jina lake. Nikiwaza miaka ile 22 moyo unaniuma. Watoto wake waliingia utu uzima kabla dunia haijapata nafasi ya kusimama kidogo na kusema asante.

Wapo wanaouliza nishani inamfaa nini maiti. Mimi nadhani swali hilo linamtazama mtu asiyehusika. Marehemu hana haja nayo, ni kweli. Lakini kuna mjane, kuna mama mzazi, kuna mtoto atakayeulizwa shuleni baba yake alikwenda kufanya nini Kongo. Kuna pia askari mwingine kijana, wa jeshi lolote, anayejifunza kutokana na nishani zinazotolewa ni kitendo gani wakubwa wake wanakiona kuwa kikubwa. Na hapa ndipo ninapompenda Chitete kuliko mashujaa wengi tunaoimbiwa. Hakupewa heshima kwa idadi ya watu aliowaua. Sisi wa Kivu tumelishwa hadithi za wauaji mpaka zimetutoka puani. Kila kundi lina jenerali wake, kila jenerali ana nyimbo zake, na watoto wetu hapa mtaani hukata vijiti wakavifanya bunduki na kujiita kwa majina ya hao majenerali. Nimewasikia kwa masikio yangu. Sijawahi kumsikia mtoto akisema katika mchezo ule, "Mimi ndiye ninayekwenda kumchukua aliyeumia." Mchezo hauna nafasi hiyo kwa sababu hadithi tunazowapa hazina mtu huyo.

Tena tazameni alimfuata nani. Hakuwa ndugu yake, hakuwa mtu wa kijiji chake, wala hakuwa askari wa nchi yake. Mmalawi alimwendea Mtanzania, katika nchi ambayo si ya yeyote kati yao. Sisi wenye nchi tunakaa tukihesabiana makabila, huyu ni wa upande ule, yule babu yake alitokea kule, na vijana wetu wanauana kwa hesabu hizo. Nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba kwenye udongo wetu palitokea mtu aliyeona damu kwanza na bendera baadaye, chumba hunyamaza. Hawa ni vijana waliokulia vitani. Hawashtuki kwa urahisi.

Najua pingamizi lililopo, na silipuuzi, kwa kuwa nalisikia kila siku kwenye bodaboda, sokoni na kanisani. Watu wetu wana hasira na Monusco. Wanasema askari wa kigeni wamekaa hapa miaka na miaka na vijiji vinaendelea kuchomwa. Julai 2022 hasira hiyo ililipuka hapa Goma, ikaenea Butembo na Uvira, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha, wengi wao raia, wakiwamo pia watu wa Umoja wa Mataifa wenyewe. Jirani yangu mmoja, mama niliyemheshimu siku zote, alinisikia nikimsifu Chitete akanikatiza: "Papa, hao si ndio waliotuacha?" Nilimwacha amalize, kwa sababu amefiwa na anayo haki ya kusema.

Jibu langu kwake lilikuwa hili. Kukilaumu kikosi ni haki yetu. Maamuzi ya kwenda au kubaki kambini hufanywa na watu wenye nyota mabegani na wengine wenye tai huko New York na kwenye miji mikuu, na hao tuwaulize bila kuchoka. Praiveti hachagui operesheni. Hachagui hata siku yake ya zamu. Anachoweza kuchagua ni kidogo mno, na katika kile kidogo huyu alichagua vizuri kuliko sisi wengi tungechagua. Mimi nawezaje kumnyima heshima kwa makosa ya waliokuwa juu yake? Halafu tukumbuke kwamba Brigedi ile ililipa. Tarehe 7 Desemba 2017, karibu mwaka mmoja kabla ya Kididiwe, kambi ya Watanzania ya Semuliki huko Beni ilishambuliwa usiku, wakauawa vijana wasiopungua 14. Januari 2025 Wamalawi, Watanzania na Waafrika Kusini walikufa tena, wengi wao safari hii wakiwa katika kikosi cha nchi za kusini mwa Afrika (SADC) na si Brigedi, huku kwetu, kati ya Sake na Goma. Majeneza yale yalipokelewa na akina mama wasiojua hata Kongo iko upande gani. Mama jirani alinyamaza, kisha akaniuliza kama Chitete alikuwa na mtoto. Tuliendelea kuongea mpaka giza likaingia.

Hoja yangu kwa ufupi ndiyo hii: jina la Chitete linajulikana kwenye kumbi za New York na nyumbani kwao Malawi, na mahali alipofia halijulikani. Hilo halikai sawa. Alikufa kwa ajili ya watu wa Kivu Kaskazini, na watu wa Kivu Kaskazini ndio wenye deni la kumkumbuka. Sisemi tumjengee sanamu. Goma tuna sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, katikati ya mzunguko wa barabara, tunaipenda na inatosha. Nasema mwalimu wa darasa la sita anaweza kutumia dakika kumi tarehe 29 Mei, ambayo ni siku ya kimataifa ya walinda amani, kuwasimulia watoto kisa hiki, na kuwaeleza neno "alimburuta" lina uzito gani. Wahubiri wetu, ambao hawakosi mifano ya Samaria, wanao mfano wa Beni wenye jina na tarehe. Nanyi wasomaji wa Tanzania, mwenzenu alirudi nyumbani kwa sababu ya mtu huyu. Simulieni huko Dar, Zanzibar na Mwanza.

Kwa upande wangu, kundi la vijana linaloanza mafunzo mwezi ujao nimekwisha kuamua litaitwa Kundi la Chitete, na zoezi la kumvuta majeruhi ndilo litakalofungua siku ya kwanza, kabla ya bandeji na kabla ya karatasi yoyote. Naomba jambo moja tu kwako, mhariri. Ukiichapisha barua hii, tafadhali weka na picha yake, tena iwe kubwa, ili niikate na kuibandika ukutani pale tunapotundika machela.